Maneno Yasiyokuwepo ya Mzee Ísleifur

Århus, 9 Novemba 1986

Mdogo wangu Broddi,

"Mgonjwa hutamka maneno yasiyokuwepo. Kwa kuwa haeleweki, hawezi kuamua mambo yake."

Nimeanza na sentensi hiyo ya Bi Arnþrúður, mtaalamu wenu wa matamshi, kwa sababu ningeanza na salamu zingetoka zikiwa na moto. Sasa nimeshaiweka mezani, haiwezi kukimbia. Salamu basi. Sisi hatujambo. Preben wangu amefanyiwa upasuaji wa goti, anazunguka nyumba na magongo akilalamika kwamba ngazi ni fupi mno au ndefu mno, inategemea siku. Solvej amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Baba yake anasema afadhali, angalau wagonjwa wake hawatambishia. Mkeo Dagrún anaendeleaje na mgongo? Kiwanda cha samaki bado kinawasimamisha wanawake kwenye maji baridi kutwa nzima? Nisalimie mkeo, umwambie soksi alizonifumia nimezivaa hadi zimetoboka.

Turudi kwenye ripoti. Umenitumia kurasa zote ukabandika kikaratasi chenye neno moja: "Soma." Nimesoma.

Mtaalamu alimwonyesha Baba picha. Picha ya dirisha, Baba akasema chungulio. Kosa. Picha ya kijiko, akasema kichoteo. Kosa. Mwavuli, kikingamvua. Kosa. Miwani, kisomeo. Kosa. Ufunguo, kifungulio, na hapo yule mama ameandika pembeni kwa kalamu, "karibu," kana kwamba Baba ni mtoto anayerusha mawe na kukosa shabaha kidogo.

Broddi, kiharusi cha mwezi wa nane kimemnyang'anya Baba majina ya vitu. Mashina hakikuyagusa. Chukua chungulio. Ondoa mkia, unabaki na kuchungulia. Mkia wenyewe ni uleule ulio kwenye kimbilio na tegemeo: mahali pa kutendea jambo, au kitu cha kulitendea. Ukutani kuna kitu gani ambacho watu huchungulia kupitia kwacho? Mtoto wa shule ya msingi atajibu. Chukua kikingamvua: kichwa cha neno kinasema ni kifaa, shina linasema kinakinga, na kinachokingwa kimetajwa waziwazi. Haya ni visawe. Ni majina mengine ya vitu vilevile, yamejengwa kwa vipande halali vya lugha yetu, na anayevijua vipande anaweza kuyafungua.

Na nani alimfundisha kujenga hivyo? Nchi nzima! Taifa lililouona umeme likakataa jina la kigeni, likauita nguvu ya kaharabu, leo linamwambia mhandisi wake wa umeme kwamba neno lisilo kwenye kamusi halipo. Kila neno lilikuwa halipo hadi mtu alipolitamka. Baba alikaa kwenye kamati ya maneno ya wahandisi kila Alhamisi tangu sijaota meno ya ukubwani hadi tulipohamia Siglufjörður, wakitengeneza maneno ya transfoma na ya swichi kwa mashina ya wafugaji wa kondoo. Alichokifanya mbele ya picha za Bi Arnþrúður ni kazi yake ya maisha, na amepewa sifuri.

Kwa hiyo usisaini kitu chochote. Baba anabaki nyumbani kwake, kwenye nyumba ya juu. Na chumba changu cha darini msikijaze vitu. Huenda mwaka huu nikaja.

Dada yako,
Steinvör


Siglufjörður, 2 Desemba 1986

Dada Steinvör,

Barua yako imechelewa. Theluji iliporomoka ikafunga barabara, na posta ikakaa upande wa pili pamoja na maziwa. Hatujambo. Dagrún anasema mgongo ni uleule na maji ni yaleyale. Soksi nyingine zinakuja. Mimi bado niko karakana ya nyavu. Meli zimeingia na nyavu zilizochanika kama magazeti ya juzi. Mbwa amezeeka, hasikii tena, ila harufu ya samaki anaipata.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Dagrún akimenya viazi. Niliposoma "mtoto wa shule ya msingi atajibu," akasema, "Basi mwambie atutumie huyo mtoto, tunamhitaji."

Wewe unayafungua maneno ukiwa umekaa mezani, na jina la picha limeandikwa kando yake. Unajua tayari kwamba ni dirisha. Sisi hatuna picha. Tangu kiharusi tunalala nyumba ya juu kwa zamu, mimi na Dagrún, halafu tunashuka kwetu bandarini kubadilisha nguo. Juzi ilikuwa zamu yangu. Baba aliamka akasema, "Kituliza."

"Kituliza nini, Baba?"

"Kituliza," akasema tena, akanitazama.

Haya, kichwa na shina, kama unavyofundisha. Kitu cha kutuliza. Nikamletea dawa, akakataa. Nikamletea blanketi. Nikawasha redio. Nikamletea mbwa. Mbwa alifurahi sana. Dagrún alipofika kutoka kazini akauliza, "Umempa ugoro?" Kumbe ni ugoro. Shina linakufikisha mtaani, dada. Mlango linakuachia ubishe mwenyewe.

Jambo lingine. Baba siku hizi haongezi. Akishasema neno lake anaingiza mikono chini ya meza na kukutazama hadi wewe ndiye unayeona aibu. Bi Arnþrúður ameliandika hilo pia, ukurasa wa mwisho: "Baada ya kutamka hukaa kimya. Haonyeshi nia ya kuwasiliana."

Kuhusu kusaini, mambo si kama unavyodhani. Mwishoni mwa mwezi wa tatu kutakuwa na kikao: daktari, karani wa halmashauri na Bi Arnþrúður. Wataamua kama Baba anaweza kujisemea. Wakiona anaweza, atachagua mwenyewe pa kuishi, nyumba ya juu au nyumba ya wazee. Wakiona hawezi, tutachagua mimi na wewe, na ni lazima tukubaliane. Mmoja wetu akikataa, Baba anabaki nyumbani kwake. Ndivyo walivyonisomea.

Jiko la nyumba ya juu nimelikatia umeme. Usiniulize.

Wako,
Broddi


Århus, 28 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Mguu wa kondoo uliokaushwa kwa moshi umefika salama. Karani wa posta alinikabidhi mzigo kwa ncha za vidole. Preben amekula akasema nyama ina ladha ya kanisa lililoungua, kisha akaongeza kipande cha pili. Solvej anawashukuru kwa fulana. Krismasi hatukuweza kuja, unajua habari ya goti. Nilizungumza na Baba kwenye simu, Dagrún atakuwa amekwambia. Mstari ulikuwa mbaya lakini sauti yake ina nguvu.

Mikono chini ya meza! Broddi, nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka hadi Preben akaja na magongo yake kuuliza nani amekufa.

Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki Alhamisi za Reykjavík. Mimi nilikuwa nakaa kwenye korido ya chuo nikimsubiri Mama amalize kufagia mle ndani ili turudi nyumbani pamoja na Baba, na mlango wa chumba cha kamati ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa sigara. Kamati ilikuwa na kanuni moja iliyozidi zote. Mleta neno halitetei neno lake. Analitamka mara moja, au mara mbili kama kuna kiziwi, halafu anaingiza mikono chini ya meza ili asilisaidie hata kwa ishara. Wenzake wanalijaribu, kila mmoja kwa zamu, ndani ya sentensi ya kawaida, sentensi ya fundi juu ya ngazi au mama dukani. Neno likisimama lenyewe, mleta neno anarudisha mikono juu ya meza na linaandikwa. Likihitaji mzazi wake alisemee, linatupwa. Baba aliwahi kukaa Alhamisi nzima bila kufungua mdomo, wenzake wakiligeuzageuza neno lake kama samaki sokoni.

Huyo ndiye mtu ambaye mtaalamu wenu anasema hana nia ya kuwasiliana. Alikuwa anawasubiri wajumbe! Aliweka neno mezani akangoja lijaribiwe, na yule mama akageuza picha inayofuata.

Kwa hiyo acheni kumletea vitu. Usimletee mbwa. Mletee sentensi. Akisema kituliza, wewe sema, "Usiku silali, nipe kituliza," kisha, "Pua yangu imelala, nipe kituliza." Utaona mikono. Nakubaliana nawe, shina peke yake halitoshi. Shina linataka sentensi, na sentensi inataka mtu wa pili. Nimemwandikia Bi Arnþrúður kurasa sita juu ya hilo. Hajajibu.

Na jiko lina nini? Nakuuliza kwa sababu umenikataza.

Steinvör


Siglufjörður, 1 Februari 1987

Dada,

Salamu kutoka gizani. Jua lililopotea tangu Novemba limeanza kugusa kilele cha mlima upande wa magharibi, watu wanakula chapati za maji za kulikaribisha kama kawaida. Mbwa amekufa, kifo kizuri, mbele ya hita. Dagrún yuko likizo ya ugonjwa, ana bandeji mkononi, inapona.

Bi Arnþrúður hakukujibu wewe. Alinipigia mimi. Akasema, "Broddi, dada yako anaandika barua kama mtu anayepiga teke mlango uliokwisha funguliwa. Mwambie nitampima tena kikaoni, na safari hii nitangoja." Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya.

Tumejaribu kanuni yako. Mara ya kwanza tulikuwa mimi na Dagrún jikoni nyumba ya juu. Baba akasema, "Kichomakoo," mikono chini.

Dagrún akaanza: "Koo linaniwasha, nipe kichomakoo."

Kichwa hapana.

Mimi: "Supu hii ina kichomakoo kingi mno."

Hapana, na uso wa huruma, kama anayemsikitikia mjumbe mpya.

Dagrún: "Leo ni sikukuu, kila mtu apate kichomakoo kidogo."

Mikono ikaruka juu ya meza hadi vikombe vikacheza. Pombe kali! Dagrún akamwuliza, "Sikukuu ipi, mzee? Mbona sijaiona kwenye kalenda?" Baba akafikiri, akasema kwa ufasaha kabisa, "Kesho." Ilibidi tumpe.

Tangu siku hiyo ni mtu mwingine. Ananyoosha neno kwa makusudi ili tuhangaike. Ila mimi niko kazini na Dagrún alikuwa kazini, na mchana kutwa alikuwa peke yake na dirisha.

Sasa nikwambie, usipige kelele hadi nimalize. Kuanzia katikati ya Januari Baba yuko nyumba ya wazee, kwa muda, hadi mkono wa Dagrún upone. Ijumaa iliyopita walikuwa na karamu ya Þorri, ile ya vyakula vya kale katikati ya baridi, nikaenda. Meza ndefu, vichwa vya kondoo, mapumbu ya kondoo yaliyotiwa siki, papa aliyeozeshwa kwenye vibakuli. Kando ya Baba kakaa Petrína, unamkumbuka, yule aliyekuwa msimamizi wa wasichana wa kutia chumvi samaki wa heringi, sauti yake husikika hadi ng'ambo ya maji. Baba akanyoosha kidole kwenye kibakuli: "Kinukacho."

Petrína hakuhitaji mafunzo. Akasema, "Nipe kinukacho. Hicho ni papa au ni marehemu mume wangu?" Meza nzima ikavunjika mbavu. Mzee Hafliði, aliyekuwa nahodha, akajaribu: "Mkate na kinukacho, ndiyo chakula." Baba akatoa mikono. Kisha kila mtu akataka kuleta neno. Petrína akalileta lake kwa ajili ya mkurugenzi wa nyumba ile, siwezi kuliandika hapa. Lilipita bila kupingwa.

Kuna jambo jingine Baba alilisema mezani pale baada ya sahani kuondolewa. Nitakuandikia nikipata nafasi.

Broddi


Århus, 14 Februari 1987

Broddi,

Sote wazima. Poleni kwa mbwa.

Umempeleka. Baada ya yote niliyoyaandika, umempeleka, kisha ukanifungia habari hiyo kwenye kicheko cha Petrína kama anayefunga samaki mbovu kwa karatasi nzuri. "Kwa muda"! Hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumba ile kwa muda. Na mkono wa Dagrún umepatwa na nini? Jiko lina nini? Alisema neno gani mezani? Barua yako ina matundu zaidi ya nyavu zako.

Nakwambia ninavyoona. Umechoka, na mchovu akikutana na ripoti inayosema baba yake haeleweki, anaipokea kama likizo. Sikulaumu kwa kuchoka. Nakulaumu kwa kukaa kimya. Na kama Baba sasa anasema neno fulani zuri juu ya nyumba ya wazee, nitauliza nani amemfundisha. Watu wa halmashauri wanamtaka pale, wewe unamtaka pale, na karamu moja ya mapumbu ya kondoo haifuti maisha aliyoyaishi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, yenye kila swichi aliyoifunga mwenyewe.

Sahihi yangu hamtaipata. Ukitaka nyumba, sema unataka nyumba.

Steinvör


Siglufjörður, 8 Machi 1987

Dada Steinvör,

Hatujambo, na unisalimie Preben na Solvej. Barabara iko wazi. Nimengoja wiki kadhaa nisikujibu siku ile ile, maana Dagrún aliisoma barua yako kabla yangu na majibu yake yalikuwa mafupi.

Nyumba siitaki. Ina ngazi, na upepo wa kaskazini unaingia hadi kwenye sukari. Nimekaa nayo nje na ndani maisha yangu yote. Wewe ndiye mwenye chumba ndani yake.

Jiko. Novemba Baba alibandika viazi akavisahau, pazia likashika moto. Nilikuwa karibu, tukauzima. Nikakata umeme wa jiko, nikadhani nimemaliza. Januari, asubuhi moja, akafungua kisanduku cha fyuzi akaliunganisha upya mwenyewe. Kazi safi, hata wewe usingepata la kukosoa. Mikono yake haikupata kiharusi. Akachemsha maji ya kahawa hadi sufuria ikawa nyekundu. Dagrún alipofika aliinyakua kwa kiganja kitupu kwa sababu Baba alikuwa anainyooshea yeye mkono. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunje tena sawasawa. Kiwandani hawezi kurudi kwenye kisu. Hakutaka nikuandikie. Alisema, "Ataandika makala."

Sasa neno. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nimemfundisha, na umesema hata kabla sijakwambia.

Usiku wa karamu Baba alitazama nje kule juu, iliko nyumba, akasema, "Nyamazio." Halafu akagonga meza aliyokalia: "Jibizanio." Mikono chini. Nilinyanyuka nikaenda nyumbani bila kujaribu. Niliogopa kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka.

Jumapili iliyopita nilirudi nikafanya kwa kanuni yako. Dagrún alikuwepo, na Petrína, na Hafliði. Nikamwuliza mbele yao, "Baba, unataka kuishi wapi?"

"Jibizanio," akasema. Mikono chini.

Nilianza mimi, na nilianza kwa kujipinga: "Jibizanio ni pazuri kwa majira ya baridi, kiangazi nirudi nyamazio kwangu."

Hapana.

Hafliði: "Nirudisheni nyamazio, hawa wa jibizanio wananipigia kelele."

Hapana, akamtazama Hafliði vibaya.

Petrína: "Kule nyamazio hakuna hata mtu wa kuniita mpumbavu."

Baba alicheka hadi machozi yakamtoka, lakini mikono ilibaki chini. Ilikuwa karibu, bado.

Dagrún ndiye aliyemaliza. Alisema polepole, bandeji yake juu ya meza: "Leteni kitanda changu hapa jibizanio, na mje mnitembelee."

Mikono ikatoka, yote miwili. Akaushika ule wa bandeji.

Sikuona haja ya mtu wa kunifungulia hayo maneno. Moja ni mahali pa kunyamazia. Jingine ni mahali pa kujibizana. Vipande halali, kama usemavyo.

Na kuna hili, ambalo Dagrún amenikataza lakini naandika. Siku ya Krismasi, mchana, yeye ndiye aliyemshikia Baba simu. Sikio lake lilikuwa pale pale. Baba alikwambia "nyamazio" mara tatu. Mara ya tatu alikuwa karibu kulia. Ukasema mstari ni mbaya. Mstari haukuwa mbaya, Steinvör.

Kikao ni mwisho wa mwezi huu. Hesabu yake unaiona mwenyewe, maana wewe ni hodari kuliko mimi. Hoja yako ikishinda, kwamba Baba anaeleweka, Baba anahama. Ikishindwa, sahihi yako peke yake inatosha kumrudisha nyumba ya juu. Unaweza kumpata Baba msemaji au ukapata nyumba yenye Baba ndani. Vyote viwili hutapata.

Sitakuandikia tena kabla ya kikao.

Broddi


Århus, 16 Machi 1987

Mdogo wangu Broddi,

Preben ameanza kutembea bila magongo na sasa analalamikia lami. Solvej anawasalimu, wamempeleka shamba la nguruwe na amerudi hali nyama tena. Namtumia Dagrún marhamu ambayo daktari wa hapa ameandika kwa vidole vilivyoungua. Apake asubuhi na jioni, na avikunje vidole kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe baridi. Mwambie nimeandika "pole" mara kadhaa nikaikata, kwa sababu kila mara ilitoka ikiwa fupi.

Vitu vyangu vya chumba cha darini vitie kwenye maboksi. Vitabu mpe yeyote anayevitaka. Kitanda cha Baba kichukuliwe kile cha mbao, cha chuma kinalia.

Karatasi inayofuata isomwe kikaoni. Isome wewe, kwa sauti, Baba akiwepo. Usipunguze.

Dada yako,
Steinvör


Kwa Daktari, kwa Karani wa Halmashauri, na kwa Bi Arnþrúður

Mliandika kwamba baba yangu haeleweki, kwa hiyo hawezi kuamua. Nimelijibu hilo kwa kurasa sita mlizo nazo na sitazirudia. Nasema tu kwamba sehemu ya kwanza ya sentensi yenu ni uongo na sehemu ya pili imesimama juu ya mgongo wa ile ya kwanza. Yeyote aliyelijaribu neno lake ndani ya sentensi amelielewa. Wanawake waliopanga heringi kwenye mapipa wamemwelewa kabla ya supu kupoa. Msiseme hamkupewa njia.

Mmoja wa watoto wake anayo sababu ya kutaka mseme haeleweki. Ni mimi. Mkiamua hivyo, nitakataa kusaini, na Ísleifur Hallvarðsson atarudishwa kwenye nyumba aliyokwisha kuipa jina, na jina hilo si zuri. Nawaandikia ili msiniachie nafasi hiyo.

Sasa sikilizeni ninalowataka. Vueni makoti. Mketisheni mezani, nanyi ketini kwenye meza hiyo hiyo, upande wowote isipokuwa nyuma ya karatasi zenu. Picha ziacheni kwenye mkoba. Mwulizeni swali moja tu: anataka kuishi wapi. Akijibu na kunyamaza, mjue ni zamu yenu. Daktari, jaribu neno lake katika sentensi, kwa sauti, hata kama unaona haya. Karani, nawe. Bi Arnþrúður, nawe, na ungoje kama ulivyoahidi. Jaribuni sentensi zinazompinga na zinazomkubali. Ndugu yangu asimsaidie, na barua yangu isimsaidie pia.

Mikono yake ikitokea juu ya meza, andikeni alichokisema, kwa neno lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kwenye mstari wa uamuzi. Msitafute la kamusi badala yake. Kisha pigeni muhuri, na kitanda kishushwe siku hiyo hiyo.